Samaki wa Ubatizo

Jumamosi iliyopita jirani yangu wa upande wa pili wa ukuta alikuwa anababua kichwa cha mbuzi. Sikumwona, ila harufu ilinifikia kitandani: manyoya yanayoungua, kisha ngozi, kisha ule moshi wa mafuta ambao ukiingia kwenye pazia hautoki mpaka pazia lifuliwe. Watu wengi harufu hiyo huwatia hamu ya supu. Mimi hunirudisha Temeke, asubuhi moja ya Jumapili, nilipoamka na kumkuta mama yangu ameketi sakafuni, ameshika kichwa kwa mikono miwili, siku ambayo ilipaswa kuwa ya furaha kuliko zote tangu tuhamie mjini.

Nitawasimulia taratibu. Jambo lenyewe si kubwa, na hakuna aliyelia kwa sauti wala aliyepigwa.

Tulikuwa tumepanga kwa Bi Mwanaidi, mjane wa Kizaramo mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Nyumba yake ilikuwa kama nyingine nyingi za Temeke: korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani penye banda la jiko, karo la kufulia na bafu la makuti. Wapangaji wenzetu walitoka Lindi, Kilwa na Rufiji, wote Waislamu. Sisi tulikuwa Wakristo peke yetu, watu wa Njombe, na baba alikuwa karani bandarini. Walituita watu wa bara, bila ubaya wowote, kama mtu anavyoitwa mrefu kwa sababu ni mrefu.

Watoto wa nyumba ile tulilelewa na korido nzima. Mtu mzima yeyote aliweza kukutuma, na yeyote aliweza kukuchapa, kisha akamwambia mama yako naye akakuongezea. Shikamoo ilitolewa mlango kwa mlango kila asubuhi, na ukimruka mtu mmoja Bi Mwanaidi alikurudisha mlango wa kwanza uanze upya. Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya chakula. Sufuria ya mtu haifunuliwi, haiulizwi, wala hupiti kando yake umeziba pua. Ukikaribishwa kitu ambacho kwenu hakiliwi, unasema ahsante, nimeshiba. Kusema kwetu hatuli hicho hakukuwa jibu, kulikuwa kosa, na adhabu yake ilikuwa kusugua karo. Mwezi wa Ramadhani mama alinilisha chumbani, mlango umefungwa, na kabla sijatoka alinifuta mdomo kwa ncha ya khanga akanikagua kama askari wa getini.

Mama aliipenda nyumba ile, na nyumba ilimpenda. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni samaki. Alikulia kwenye baridi, kwenye viazi na maharage. Samaki kwake alikuwa mnyama anayekutazama kutoka kwenye sahani. Wenzake wakianza kupaa samaki karoni, yeye alihamia barazani na ushonaji wake. Walimtania sana. Walisema siku Mama Tumaini atakayopika samaki watakodi ngoma. Tumaini ni mimi.

Mdogo wangu alizaliwa baada ya mimba nyingine kuharibika, na alipokuja karibu aondoke na mama. Gari la kumpeleka hospitali lilikosekana, mtoto hakungoja, na Bi Mwanaidi ndiye aliyempokea, palepale kwenye kitanda chetu, huku wanawake wa korido wakipokezana maji ya moto. Bibi zangu wote wawili walikuwa Njombe, hawakujua hata kama mtoto amezaliwa. Basi wanawake wale wakafanya kazi ya mama mzazi. Kwa siku zote arobaini walimkanda mama, wakampikia uji wa pilipili manga, wakamfunga tumbo kwa khanga zao wenyewe, na yeye hakuruhusiwa kuinua hata ndoo. Nakumbuka alikuwa akilia wakimkanda, na mimi nilidhani ni maji yanamuunguza.

Alipotoka arobaini alimwambia baba neno moja, naye baba hakubisha. "Wamenikanda kama mtoto wao. Siku ya ubatizo nataka wale nyama, wote, kutoka mkono wangu."

Kusema hivyo kulikuwa rahisi. Ilikuwa miaka ya foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ambayo uliingia kwanza ndipo ukauliza mbele kuna nini. Mama aliuweka mchele wa ubatizo kidogo kidogo kwenye debe chini ya kitanda, na sisi tukawa tunakula sembe ya njano kana kwamba debe lile halipo. Mbuzi baba alimpata Chanika, kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa na shamba huko. Akaletwa juu ya lori la mkaa, mweusi kwa mkaa ingawa rangi yake halisi ilikuwa nyeupe, akafungwa nyuma ya bafu.

Mpango wa kuchinja ulijulikana. Katika mitaa yetu Mkristo mwenye nyama ya kugawana alimwita Mwislamu amchinjie, ili sahani ipite kila mlango. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kujadili, lilikuwa kama kumpisha mtu koridoni. Baba alikwenda kwa Mzee Salum, balozi wetu wa nyumba kumi, naye akasema Jumapili akitoka tu kuswali alfajiri atapitia kwetu na kisu chake.

Jumamosi jioni akafika Baba Mkubwa, kaka yake baba, kutoka Njombe. Ndiyo mara yake ya kwanza kuiona Dar es Salaam. Alikuwa amevaa koti zito la sufu, limefungwa vifungo vyote, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, na begani amebeba gunia la viazi ambalo hakumpa mtu kumpokea. Hakulivua koti mpaka alipomsalimia kila mtu mle ndani, mlango kwa mlango, bila kuambiwa na yeyote. Bi Mwanaidi aliniambia pembeni, "Baba yako mkubwa kalelewa."

Sasa, katika ukoo wetu mbuzi wa mtoto huchinjwa na kaka mkubwa wa baba, kabla jua halijachomoza, na maini yake hupewa mwanamke aliyempokea mtoto. Baba alijua. Ila alidhani kaka yake, akiwa ugenini, atangoja kuambiwa. Na kaka yake hakuona haja ya kuambiwa jambo lililomfanya asafiri njia yote ile. Walikaa barazani wakazungumza habari za mvua na mahindi, kila mmoja ameridhika, wakalala.

Ndiyo maana asubuhi ile niliamshwa na harufu ambayo haikutakiwa kuwapo bado. Nilitoka uani mbio. Mbuzi alikuwa ananing'inia kwenye boriti la banda la jiko, keshachunwa, safi kabisa, na Baba Mkubwa amechuchumaa mbele ya makaa anageuza kichwa chake kwa fimbo. Alikuwa amevua koti. Alinisalimia kwa Kibena cha kwetu, akanionyesha maini kwenye bakuli, ameyafunika kwa jani la mgomba. Sijawahi kumwona mtu mzima mwenye furaha ya namna ile asubuhi.

Mlango wa uani ukafunguka, akaingia Mzee Salum ametoka msikitini, kisu amekizungushia kitambaa. Akasimama. Alimtazama mbuzi, akamtazama Baba Mkubwa, akasema, "Naona nimechelewa," kwa sauti ya mtu aliyekosa basi. Akasalimiana na mgeni vizuri kabisa, akakisogeza kisu nyuma ya kanzu.

Wakati huohuo Zuhura naye alikuwa ametoka. Zuhura alikuwa mjukuu wa Bi Mwanaidi, rika langu, tuliyelala naye mkeka mmoja mchana na kugombana jioni. Alimtazama Mzee Salum, akamtazama mbuzi, akasema wazi kama anavyojibu darasani, "Bibi, hicho si kibudu?"

Kibudu ni mnyama aliyekufa bila kuchinjwa inavyopasa. Kwa Mwislamu ni mzoga. Baba Mkubwa alikuwa ameinamia makaa yake na sikuona kama alisikia. Ila Bi Mwanaidi alisikia. Alimfunika Zuhura mdomo kwa khanga, akamwingiza ndani, na hatukusikia kofi, jambo lililonitisha zaidi. Zuhura aliniambia baadaye alichoambiwa: "Kile ni chakula cha watu. Ukilirudia neno hilo leo, tafuta bibi mwingine." Kisha akapewa kazi ya kutwa nzima. Yeye ndiye angemnawisha mgeni mikono kila atakapotaka kunawa, na kila mara aanze na shikamoo.

Mimi nilirudi chumbani, ndipo nikamkuta mama sakafuni. Baba alikuwa amesimama dirishani amevaa shati mkono mmoja tu.

"Nikamwambie," baba alisema. "Ni kaka yangu, ataelewa."

"Ataelewa nini? Kwamba mkono wake hauliwi?" Mama alikuwa ananong'ona. "Mzee kaja na gunia la viazi begani. Ukimwambia hivyo atapanda basi leo leo, na mtoto huyu hatamtia machoni tena."

"Basi hao wengine tuwape viazi."

Mama aliinua kichwa akamtazama. Nadhani hata baba alijutia kusema hilo. Mimi nilikuwa na umri wa kuelewa kwamba kuna pande mbili na mmoja lazima uumizwe: ama Baba Mkubwa aambiwe mbuzi wake ni mzoga, ama wanawake waliomkanda mama wakae kwenye mkeka watazame wengine wakila.

Bi Mwanaidi akabisha hodi. Aliingia, akakaa kitandani, kitanda kikalalamika.

"Mama Tumaini, mbuzi keshakufa, hafufuki. Anao watu wake, wageni wenu wa kanisani, wamle, wamfurahie. Sie tupikie samaki. Samaki hamna wa kumchinja, kila mtu anamla."

"Bi Mwanaidi, mimi sijui kupika samaki."

"Nyumba nzima inajua."

"Basi mpike nyie."

"Tumealikwa kula mkono wako. Mkono wangu naujua, naula kila siku." Akanyanyuka. "Sufuria chukua zangu. Tutakununulia, tutakupaia, moto tutakuwashia. Kupika utapika mwenyewe. Na yule mzee asiambiwe neno. Kafanya jambo la heshima kwao."

Tukaenda kanisani. Ubatizo wenyewe siukumbuki sana, zaidi ya mdogo wangu kupiga chafya wakati wa maji na Baba Mkubwa kuimba sauti ya nne kwa nguvu mpaka kwaya ikamfuata yeye. Tuliporudi, samaki aina ya changu walikuwa wamekwisha paliwa, wametiwa chumvi, wamepangwa kwenye ungo wakimtazama mama. Alijifunga khanga juu ya gauni lake jeupe la kanisani. Wanawake wakaketi kuzunguka jiko, mikono mapajani, hakuna aliyeruhusiwa kugusa mwiko.

Mama alipika samaki kama anavyopika maharage, yaani kwa kukoroga. Aliwageuza kabla hawajakauka, wakamwachia ngozi kwenye kikaango. Akawatia kwenye tui wakamegeka, akakoroga tena ili wakae sawa, wakawa uji. Mama mmoja wa Kilwa alijifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. "Mama Tumaini," alisema hatimaye, "unawapika au unawatwanga?" Mama naye akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile, huku machozi ya moshi na machozi mengine yakimtoka pamoja.

Majamvi yakatandikwa uani. Wanaume walikaa upande wa ukuta, wanawake upande wa banda la jiko. Wageni wa kanisani wakapata pilau na mbuzi. Watu wa nyumba wakapata wali mweupe na ule mchuzi, na mimi na Zuhura tukapita na maji ya kunawa. Zuhura alikuwa amekwishamnawisha Baba Mkubwa mara nyingi kiasi kwamba mzee alianza kunawa kwa kumhurumia.

Kisha Baba Mkubwa akasimama. Alikuwa amelivaa tena koti lake. Alichukua sahani yenye maini, yamechomwa na kukatwa vipande vizuri, akavuka uani mpaka kwenye jamvi la wanawake, akapiga goti moja mbele ya Bi Mwanaidi.

"Dada," alisema, Kiswahili chake kikiwa kizito kwa lafudhi ya kwetu, "wewe ulimpokea mtoto wetu, sisi tukiwa mbali. Kwetu maini ni yako."

Mkono wa mama ulisimama njiani na tonge. Baba alitazama chini. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, na kwa kuwa shule ya Jumapili walitufundisha kwamba ukweli husemwa hata ukiuma, nilingoja mtu auseme.

Bi Mwanaidi aliipokea sahani kwa mikono yote miwili. "Kaka, umeniheshimu," alisema kwa sauti yake ndogo. "Na mie nisikufiche, sie watu wa pwani tuna desturi yetu. Mtoto akifanyiwa furaha, waliompokea hawali nyama siku hiyo. Wanakula samaki. Sasa maini yangu haya mie nampa mama mtoto, maana yeye ndiye aliyemwaga damu." Akaiweka sahani mbele ya mama.

Baba Mkubwa hakuinuka mara moja. Alitazama mchuzi. Akatazama upande wa wanaume, ambako Mzee Salum, ambaye hakumpokea mtoto yeyote maishani mwake, alikuwa anachambua mwiba wa samaki.

"Na wanaume nao?" aliuliza.

"Wanaume wanatufuata sie," alisema Bi Mwanaidi, na yule mama wa Kilwa akapaliwa na wali.

Baba Mkubwa aliitikia kwa kichwa, polepole. "Desturi nzuri," alisema. "Basi na mimi nipakulieni samaki." Akaketi na wazee wa nyumba, akaiacha pilau na mbuzi wake mwenyewe, akala ule uji wa mama wenye miiba. Mwiba mmoja ulimkwama kooni, Mzee Salum akampa tonge kubwa la wali ameze bila kutafuna. Sahani zilirudi jikoni hazina kitu. Mama alikula maini yote, na sijui kama aliyasikia ladha.

Jioni mimi na Zuhura tulibishana. Yeye alisema hawana desturi hiyo. Nikamwambia bibi yake kasema. Akasema bibi yake kasema leo. Nikaenda kumuuliza mama, ambaye wiki chache nyuma alinichapa kwa kudanganya kuhusu kijiko cha sukari. Aliendelea kukunja nepi. "Ukiulizwa na mtu, ndivyo ilivyo," alisema. Nililala nimechanganyikiwa. Baba Mkubwa aliondoka kesho yake na koti lake, ameridhika, na Bi Mwanaidi akamfungia mikate ya kumimina kwenye gazeti ale njiani.

Miaka ikapita kama inavyopita. Baba alipata nyumba ya kazini tukahamia Kinondoni. Bi Mwanaidi akafariki, na mama akakaa msibani kwake siku zote kama mtoto wa kuzaliwa, akipika pamoja na wengine, na wakati huo alikuwa amekwishajua samaki. Baadaye akafariki Baba Mkubwa, kwao, akiwa mzee sana. Hakurudi tena Dar, lakini kila msimu wa viazi gunia lilifika, na Bi Mwanaidi alipokuwa hai kila gunia lilikuwa na fungu lake limefungwa kamba peke yake.

Mimi niliyaweka mambo yale katika fungu la vichekesho vya utotoni. Niliwahi kuwasimulia watoto wangu jinsi Bi Mwanaidi alivyomtungia mgeni desturi ya uongo na mgeni akaimeza pamoja na mwiba. Walicheka, nami nilicheka.

Halafu Elia, mtoto wa Baba Mkubwa, akanialika Njombe kwenye ubatizo wa kitindamimba wake. Zuhura, ambaye sasa ni mwalimu na bado tunagombana, alikuwa likizo. Alisema anataka kuona hiyo baridi inayowafanya watu wavae makoti Temeke, akaja pamoja nami, na binti yake mdogo.

Siku ya sherehe mbuzi alichinjwa kabla ya jua, na Elia ndiye aliyekuwa na kisu, kwa niaba ya kaka yake mkubwa aliyekuwa mgonjwa. Mchana tukaketi. Sahani za nyama zilianza kupita, nikamwona Zuhura anajiandaa na ile ahsante, nimeshiba, ya nyumba ya bibi yake. Hakuihitaji. Mke wa Elia alitoka jikoni na bakuli lililofunikwa, akapiga goti, akaliweka mbele yake na binti yake. Walikuwa samaki wa Ziwa Nyasa, wa kukaanga, wazuri.

"Hawa ni wenu wageni wa pwani," alisema. "Desturi yenu tunaijua. Kwenye furaha ya mtoto mnakula samaki."

Ilibidi niinamie kikombe changu cha chai nisicheke. Nilipoweza kuongea nikamuuliza Elia wamejuaje.

"Baba alituachia," Elia alisema. "Alisema akija mtu wa pwani kwenye sherehe yetu, mpikieni samaki. Sufuria iwe mpya, isiyowahi kupikiwa nguruwe. Na msimuulize kitu. Mkimuuliza mtampa taabu ya kuwaeleza."

Hapo kicheko kilinitoka. Mtu anayeamini desturi ya samaki haangaiki na sufuria mpya. Baba Mkubwa alijua. Sijui alijua lini: pengine alisikia lile neno la Zuhura akiwa ameinamia makaa, pengine alikiona kisu nyuma ya kanzu, pengine alikaa nalo kwenye basi mpaka akalielewa. Hakumwambia baba, hakumwambia mama, na watoto wake hakuwaeleza Waislamu wanakula nini na hawali nini. Aliwapa desturi ya Bi Mwanaidi kama alivyopewa, akaongeza sufuria.

Miaka yote nilidhani siku ile watu wa nyumba walikuwa wanamlinda mgeni aliyekosea. Sikuwahi kufikiri kwamba mgeni naye alipoomba samaki alikuwa anamlinda mama, na nyumba nzima, wasijue kwamba ameng'amua. Mama amekufa bila kulijua hilo, na limeniuma kuliko nilivyotazamia. Angependa kujua kwamba mzee yule alimwacha mbuzi wake kwa hiari akala samaki waliovunjika.

Nilimtazama Zuhura. Alikuwa ameshika bakuli, hajalifunua, na uso wake ulikuwa umebadilika. Naye alikuwa amesikia. Binti yake akamvuta khanga na kumuuliza kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Mama, kwani sisi tuna desturi hiyo?"

Mke wa Elia alikuwa bado amepiga goti pale mbele yao.

"Tunayo," alisema Zuhura. "Nawa mikono ule."